Rovu Lisilo la Ukoo

Kansa yangu ya kwanza ilishtakiwa kwa wizi wa pombe.

Nilikuwa binti mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, na tulikuwa tunaishi milimani upande wa Bombo, nyumbani kwa babu mzaa baba. Babu alikuwa anatengeneza dengelua, pombe yetu ya miwa, na aliiweka kwenye vibuyu nyuma ya mlango wa ghala. Msimu huo vibuyu vilikuwa vinapungua bila maelezo. Wakati huohuo mimi nilikuwa nayumba. Nilikuwa naamka kichwa kinauma, natapika nje ya mlango, kisha nashika njia ya kisimani kwa mwendo wa mtu anayetoka harusini. Watu wazima wakaangalia vibuyu, wakaniangalia mimi, wakajumlisha.

Watanzania wenzetu wana utani kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Ni uongo mtupu, na nyumbani kwetu waliwahi kufikiria kumshtaki mtu aliyeusema. Lakini kesi tunaipenda, hilo sikatai. Mtoto wa kwetu hujifunza kukata rufaa kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu, na enzi zile viatu vyenyewe havikuwepo.

Kesi yangu ilisikilizwa Jumapili baada ya ibada, uani. Babu alikuwa mlalamikaji na pia hakimu, jambo ambalo halikumsumbua mtu. Mwendesha mashtaka alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye rovu kubwa shingoni. Rovu ni ule uvimbe wa shingo ambao kwetu milimani ulikuwa jambo la kawaida, hasa kwa wanawake, kwa sababu chumvi tuliyokula ilikosa madini yanayotakiwa. Shangazi hakuliona kuwa ni ugonjwa. Mama yake alikuwa nalo, bibi yake alikuwa nalo, na siku za sikukuu alilivalisha ushanga. Kwake lilikuwa mhuri wa ukoo.

Wakili wangu alikuwa mama. Tangu aolewe pale hakuwa ameshindwa kesi hata moja, na ukoo mzima ulikuwa bado haujamsamehe. Mama alidai ushahidi. Alisema mwanangu kama anakunywa, basi mdomo unanuka, na wazee waninuse mmoja mmoja. Wazee wakapanga foleni. Miaka ile tulikuwa tunapanga foleni kwa kila kitu, sabuni, sukari, mafuta ya taa, hivyo hakuna aliyeona ajabu watu wazima kupanga foleni ya kunusa mdomo wa mtoto. Wote walikiri kwamba sinuki chochote ila ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao kila mtu mle uani alikuwa ananuka.

Shangazi alikuwa anajiandaa kusema kwamba nimetafuna majani ya mpera kuficha harufu, nilipoanguka. Nilianguka miguuni pa babu na sikuweza kunyanyuka mwenyewe. Babu, ambaye alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa mimi, aliniinua, akanipangusa vumbi, akanishika mabega nisimame. Nikaangukia upande wa pili.

"Kesi inaahirishwa," alisema babu, "mpaka mshtakiwa aweze kutembea juu ya ukingo wa ndiva bila kuyumba."

Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, ambalo kijiji kizima huwa kinalisafisha kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji. Ukingo wake ni mwembamba, na watoto wote walikuwa wanakimbia juu yake isipokuwa mimi.

Baada ya hapo ndipo ikafuata kesi kubwa. Shangazi na wazee walitaka litolewe tambiko, halafu nipelekwe kwa mganga mmoja wa tambarare aliyesifiwa kwa vichwa. Mama alitaka hospitali. Walibishana kwa siku nyingi, huku mimi nimelala kwenye mkeka naangalia dari, na mama akashinda. Alishinda kwa hoja moja: kwamba mganga atakuwepo hata tukirudi, lakini treni haisubiri. Tulishuka Same tukapanda treni ya Dar es Salaam. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, na treni iliposimama Makanya alikuwepo stesheni na nguo za kazi. Alinipitishia mayai ya kuchemsha dirishani, akashika mkono wa mama kwa muda, halafu akarudi mbio kwa sababu nyapara alikuwa anamsubiri. Mayai yale sikuyala, nilikuwa natapika, ila sijayasahau.

Dar walinipasua kisogoni wakatoa uvimbe kwenye ubongo. Baadaye wakanipiga mionzi, kichwa na uti wa mgongo, asubuhi baada ya asubuhi, nikiwa nimelala kifudifudi na kukatazwa hata kujikuna. Nilimuuliza mama mionzi ni nini. Akasema ni mwanga usioonekana. Nikamuuliza kama hauonekani, tunajuaje kwamba hawatudanganyi? Mama alifurahi sana kusikia swali la namna hiyo kutoka kwangu, akalipeleka kwa mtu wa mashine, na yule bwana akamwambia tutajua mtoto akipona. Nikapona. Mama akalichukulia hilo kama hukumu iliyoandikwa.

Nilirudi milimani nikiwa na kichwa chenye nywele mbele na uwanja mtupu nyuma. Zile za kisogoni hazikuota tena mpaka leo. Sikurefuka sana pia, na kuyumba kulipungua bila kuisha. Babu alinipeleka ndivani siku ileile ya kwanza. Nilipanda ukingoni, nikapiga hatua chache, nikaingia majini. Babu alinivua, akasema kesi bado ipo. Kila likizo ilikuwa hivyo. Wazee wengine walimwambia amwache mtoto wa watu, amefanyiwa upasuaji, afute shauri. Alikataa. Alisema mshtakiwa hawezi kwenda popote wakati kesi yake inaendelea. Mimi nililichukua neno hilo jinsi lilivyo. Niliamini kabisa kwamba siruhusiwi kufa kwa sababu nina kesi, na nilimpenda babu kwa hilo kuliko watu wote duniani. Alikufa shauri likiwa bado wazi. Baada ya mazishi, vibuyu vya dengelua vikaacha kupungua.

Mama kwa upande wake alikuwa na ushuhuda wake. Aliutoa usharikani, aliutoa kwenye msaragambo, aliutoa kwa watu waliokuja kuuliza njia tu. Ulianza na foleni ya kunusa, ukapita kwa mganga ambaye hatukwenda kwake, ukapanda treni, na ukafika kileleni pale aliposema, "Nikawaambia, mpigeni hiyo mionzi, mimi ndiye mama yake, nimekubali." Hapo alikuwa akiniita nigeuke, nivue kitambaa, watu waone kisogo. Nimeonyesha kisogo mbele ya maaskofu. Nilikuwa nachukia, lakini nilikuwa nageuka, maana mama hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani. Kutoka ukoo ule hakupata shamba wala shukrani. Alinipata mimi.

Miaka ikapita, ruksa ya biashara huria ikaingia. Maduka yaliyokuwa yanauza kuta tupu yakajaa bidhaa, na mimi nikahamia Same mjini, nikafungua meza ya mitumba sokoni. Niliuza kofia, vilemba na mawigi, kwa sababu nilikuwa mtaalamu wa mambo ya kufunika. Watu wengine walipokea mageuzi ya uchumi kwa redio na baiskeli. Mimi niliyapokea kwa wigi la nywele za rangi ya chai ya maziwa, lililowahi kuvaliwa na mzungu fulani, na nililivaa mpaka likaanza kupata kipara kama changu.

Ni mteja mmoja aliyeuona uvimbe. Nilikuwa namjaribishia kitambaa cha shingo, nikajivisha mwenyewe kumwonyesha, akasema dada mbona upande mmoja umejaa. Nikashika. Kulikuwa na kitu kigumu, chini kidogo ya koo, kama kokwa ya embe.

Habari ilipanda mlima kabla mimi sijafunga meza. Siku ya gulio iliyofuata shangazi alishuka Same, amevaa ushanga wake, na jogoo wa kukaanga kwenye kikapu. Alifika kusherehekea. Nilimwamkia shikamoo, na hakuitikia marahaba mpaka alipomaliza kunipapasa shingo, machozi yakimlengalenga. Alisema miaka yote mama yangu amekuwa akitangaza kwamba sina hata ukucha wa ukoo wao, kumbe damu ilikuwa inangoja tu. Rovu limekuja. Angalia lilivyokaa, alisema, hata upande ni uleule wa bibi.

Ukweli ni kwamba na mimi nilifurahi. Milimani kila mtu alinijua kama mtoto wa hospitali. Sasa nilikuwa na ugonjwa wa kawaida, ugonjwa wa watu wote, ugonjwa wenye shangazi. Nikanunua chumvi ya pakiti, ile mpya yenye madini joto, nikala makande yenye chumvi mara mbili ya kawaida, na nikamkatia shangazi kipande cha kitenge kizuri. Jogoo tulimla wote. Ningeweza kukaa hivyo miaka.

Mama ndiye aliyeharibu sherehe. Alikuwa ameshahamia kwangu mjini, na alirudi kutoka kanisani akamkuta shangazi amekaa kwenye kiti chake anagawa mapaja. Alipoelezwa, aliweka Biblia chini taratibu. Alisema hilo si rovu. Shangazi akamuuliza yeye anajuaje. Mama akasema mtoto huyu nilimzaa mimi, nikamponya mimi, na hamuwezi kuja baada ya miaka yote hiyo kumbandika uvimbe wenu. Shangazi akasema basi lete ushahidi.

Neno hilo mtu hamwambii mama yangu. Jumatatu asubuhi alikuwa ameshanikokota hadi hospitali ya Same, na wala hakuwa na hofu yoyote juu ya afya yangu. Alichotaka ni daktari aseme mbele ya mashahidi kwamba shingo yangu haina uhusiano na upande wa baba. Daktari wa Same alinipapasa, akaangalia kisogo, akauliza maswali mawili matatu, kisha akatutuma Dar haraka. Mama aliona haraka hiyo kuwa dalili nzuri kwa kesi yetu.

Dar walinichoma sindano shingoni wakachukua sampuli, tukasubiri majibu tukiwa kwa binamu yangu mmoja. Siku ya majibu kulikuwa na watu wengi, na mama alibaki dirishani akimfafanulia karani kwa nini mtu aliyetoka Same apewe nafasi kabla ya mtu aliyetoka Kinondoni. Nikaitwa nikaingia peke yangu.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye kalamu iliyovuja mfukoni. Aliniambia moja kwa moja. Si rovu, ni kansa ya tezi la shingo, lakini ni ya aina inayotoka vizuri kwa upasuaji, na nimewahi. Nikamuuliza kansa imetoka wapi tena, maana yangu ilikwisha. Akasema hii ni nyingine. Akaeleza kwamba mionzi niliyopigwa utotoni ililenga kichwa na uti wa mgongo, ila shingo nayo iliguswa njiani, na tezi la mtoto ni laini. Mara nyingine, baada ya miaka mingi, pale mionzi ilipopita huota kitu.

Niliogopa, ndiyo. Lakini kilichonijia kichwani kabla ya kisu na kabla ya kufa kilikuwa sauti ya mama, mbele ya watu wote wa usharika, ikisema mpigeni hiyo mionzi, nimekubali. Nikamwomba daktari, tafadhali, mama yangu yuko hapo nje, mwambie yote isipokuwa hilo. Akaitikia kwa kichwa. Mlango ukafunguliwa, mama akaingia akiwa ameshinda kesi yake ya dirishani.

Alianza na jambo lake. Aliuliza kama ni rovu. Daktari akasema si rovu. Mama aliomba arudie, kwa sauti, polepole, ili akifika Bombo anukuu bila kukosea. Daktari akarudia. Uso wa mama uling'aa, na ndani ya mng'ao huohuo akaambiwa ni kansa.

Alikaa. Kisha akasema haiwezekani, mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa moja. Daktari akamwambia hii ni nyingine, na inatibika. Mama akasema wewe ni kijana, hukuwepo, ngoja nikueleze huyu mtoto aliponaje. Akatoa ushuhuda. Wote, kuanzia foleni ya kunusa. Mganga, treni, mayai ya Makanya. Nilijaribu kumkatiza, nikakohoa, nikasema mama daktari ana wagonjwa. Akaninyamazisha kwa kiganja. Alipofika kwenye mionzi, daktari aliinamisha macho akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mama ameangalia mashahidi wa uongo maisha yake yote. Aliacha katikati ya sentensi.

"Mbona unaangalia chini, baba?" aliuliza. "Imeletwa na nini hii?"

Daktari akaniangalia mimi. Hilo lilikuwa kosa, maana mama naye akaniangalia, na sijawahi kuweza kumficha kitu. Basi yule kijana akamweleza, kwa upole, kama alivyonieleza mimi, na akaongeza kwamba bila mionzi ile mama asingekuwa na binti wa kumleta leo. Sidhani kama mama aliisikia sehemu hiyo ya mwisho. Alimshukuru daktari, akafunga khanga yake vizuri, akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza swali la nyongeza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walitoa tezi lote, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yangu, na mshipa mmoja wa sauti ukajeruhiwa, hivyo nikarudi Same na sauti ya mwenyekiti wa kijiji. Biashara ikanoga, watu walikuwa wanakuja mezani kuisikia. Lakini nyumbani kulikuwa kimya. Mama alipika, alifua, alienda kanisani akarudi. Mgeni akija akaniuliza habari za kisogo, mama alikuwa anainuka kwenda kuangalia moto. Ushuhuda ulikuwa umekwisha. Sikujua kama ningeweza kukikumbuka kwa hamu kitu nilichokichukia namna ile.

Shangazi aliposhuka kuniona, alikuta mbuzi amefungwa mlangoni. Nilidhani ni wa kunichinjia mimi. Mama alituketisha, akamweka shangazi kwenye kiti chake yeye mwenyewe, jambo lililomtisha shangazi kuliko kansa. Kisha mama akasimama katikati ya sebule yangu, mikono imeshikana mbele kama mshtakiwa, akasema amejishtaki, na hakimu ni shangazi. Alisema wazee walitaka vingine, yeye akabisha, akashinda, na alichokishinda ndicho kilichomkata mtoto shingo. Mbuzi ni faini. Amemleta kabisa kwa sababu hatakuwa na utetezi.

Shangazi alishika ushanga wake, asijue pa kuweka macho. Miaka yote alikuwa akiingoja siku mama atakaposhindwa kesi, na sasa imefika hakuitaka. Mwishowe aliniambia mimi ndiye mlalamikaji, niseme ninadai nini.

Nilimwangalia mama. Alikuwa amezeeka kati ya Dar na Same. Nilitaka kumwambia kwamba daktari alisema bila ile mionzi nisingekuwepo, lakini nilikuwa nimeshamwambia hilo mara nyingi na lilikuwa linampita. Nilitaka kumwambia nampenda, na kwetu neno hilo kwa mama halisemwi likaeleweka. Basi nikasema kwa lile koo langu jipya lililokwaruza:

"Kesi inaahirishwa."

"Mpaka lini?" mama aliuliza, kichwa bado chini.

"Mpaka mlalamikaji aweze kutembea juu ya ukingo wa ndiva bila kuyumba. Na mshtakiwa haruhusiwi kwenda popote."

Mama alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba siku hiyo haitafika. Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge nilichomkatia, akajikohoza, akakumbuka kwamba yeye ndiye hakimu. Akasema vizuri, imekubaliwa, na kwa kuwa kesi haijaisha mbuzi ni kielelezo, hivyo atamchukua yeye akamtunze Bombo mpaka itakaposikilizwa.

Hapo mama akainua uso, akasema mbuzi wake haendi popote.